Je, Wajua? Mambo Yanayomsubiri Mgeni Ujerumani

Je, wajua kuwa anayehamia Ujerumani ana wiki mbili tu, tangu aingie kwenye nyumba yake, kwenda kujiandikisha katika ofisi ya wakazi? Sheria inayotumika tangu Novemba 1, 2015 inamtaka apeleke pasipoti pamoja na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa kweli amehamia pale. Wenyeji huiita shughuli hii Anmeldung, na Waswahili waishio huko nao wanaiita hivyo hivyo. Bila karatasi hiyo namba ya kodi haiji, kufungua akaunti ya benki kunakuwa shida, na mwajiri asiyepata namba hiyo atakukata kodi kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa hiyo mtu anayekupangisha chumba huku akikuonya "usijiandikishe hapa" hakufanyii hisani hata kidogo. Tafuta pengine.

Je, wajua kuwa katika kujiandikisha huko utaulizwa dini yako, na jibu lako lina bei? Hili ndilo jambo ambalo ningetamani kila Mlutheri wa Moshi na kila Mkatoliki wa Bukoba au Machakos aelezwe kabla hajapanda ndege. Ukijaza kwamba wewe ni Mkatoliki au Mprotestanti wa kanisa lile la kiinjili, serikali itakukata kodi ya kanisa kwenye mshahara na kulipelekea kanisa lako. Kiwango ni asilimia 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingine kote. Asilimia hiyo haipigwi kwenye mshahara bali kwenye kodi ya mapato: anayekatwa kodi ya euro 300 kwa mwezi, katika jimbo la asilimia 9 ataongezewa euro 27. Mwislamu halipi, wala Mpentekoste wa kanisa dogo lililokodi ukumbi. Anayetaka kuacha kulipa hana budi kujitoa kanisani rasmi, mahakamani au kwenye ofisi ya vizazi na ndoa kutegemea jimbo. Kwa Wakatoliki hilo si jambo dogo: maaskofu wa Ujerumani walitangaza mwaka 2012 kwamba aliyejitoa kwa njia hiyo hawezi kupokea sakramenti. Wapo wanaolipa kwa moyo mkunjufu, na ni haki yao. Kinachoniuma ni kijana kugundua makato hayo kwenye karatasi ya mshahara, akadhani ameibiwa.

Je, wajua kuwa maghorofa mengi ya Ujerumani hayana namba za vyumba? Mpeleka barua anaangalia jina la ukoo lililobandikwa kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Kama jina lako halipo, barua inarudi ilikotoka, hata kama wewe umekaa dirishani unamwangalia. Siku ya kuhamia, bandika jina kabla hujapanga hata vyombo.

Na barua zenyewe ni nyingi. Benki, bima, ofisi ya wageni, kodi, umeme: wote hao bado wanaandika kwa karatasi. Je, wajua kuwa bahasha ya manjano inaogopwa kuliko zote? Ndiyo inayotumiwa na mahakama na ofisi za serikali wanapotaka ushahidi kwamba barua imefika. Mpeleka barua huandika tarehe juu ya bahasha, na muda wa kukata rufaa huanza kuhesabiwa siku hiyo alipoitumbukiza sandukuni, uwe umeisoma au hujaisoma. Usiitupe bahasha. Tarehe iliyo juu yake inaweza kukuokoa.

Je, wajua kuwa kila nyumba inalipia redio na televisheni ya umma, hata isiyo na redio wala televisheni? Ada hiyo ilikuwa euro 18.36 kwa mwezi kuanzia Agosti 2021, na tangu 2013 inatozwa kwa kaya badala ya kifaa. Barua ya kuidai hufuata muda si mrefu baada ya kujiandikisha, na wageni wengi huidhania ya matapeli. Si ya matapeli. Mkiishi wanne nyumba moja analipa mmoja tu, kisha mnachangiana.

Je, wajua kuwa unaweza kupanga nyumba ukakuta haina jiko? Wala sinki, wala makabati. Katika chumba cha kupikia zinatokeza mabomba ya maji na soketi ya umeme basi, maana aliyehama ameondoka na vyake. Vilevile tangazo la nyumba huwa na kodi mbili: ile "baridi", ya kuta tupu, na ile "ya moto", iliyojumlisha maji, takataka na kupasha joto. Umeme na intaneti kwa kawaida havimo hata kwenye hiyo ya pili. Amana anayodai mwenye nyumba haiwezi kisheria kuzidi kodi baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Wageni wachache wanaijua haki hii, na wenye nyumba wengi hawana haraka ya kuwaambia.

Je, wajua kuwa mwenye nyumba anaweza kukudai fidia kwa sababu hufungui madirisha? Mtu aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam, Januari ikimkuta, silika yake ni kufunga kila upenyo na kuwasha hita. Nyumba za kule zimezibwa vizuri, kwa hiyo mvuke wa kupika, wa kuoga na hata wa pumzi hubaki ndani, hugeuka majimaji kwenye kuta za baridi, na baada ya wiki chache kuvu jeusi linapanda pembeni. Wenyeji hufungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku, hata kukiwa na theluji, kisha wanafunga. Mikataba mingine ya upangaji huandika hivyo waziwazi. Ufuate mtindo huo kwa ajili ya kifua cha mtoto wako kwanza, amana baadaye.

Je, wajua kuwa Jumapili inalindwa na Katiba? Kifungu kilichotungwa katika Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 kilichukuliwa kama kilivyo na kuingizwa kwenye Katiba ya sasa, nacho kinaifanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko. Maduka hufungwa. Vituo vikubwa vya treni, vituo vya mafuta na maduka ya mikate kwa saa chache ndiyo kimbilio, na duka la dawa lenye zamu. Aliyezoea duka la mangi lililo wazi mpaka usiku wa manane hujifunza somo hili Jumapili ya kwanza, akiwa na kopo moja la maharage.

Kukata majani kwa mashine Jumapili katika mitaa ya makazi? Marufuku, nchi nzima.

Kutupa chupa tupu kwenye makontena ya mtaani Jumapili? Hapana, kelele.

Kutoboa ukuta utundike picha? Subiri Jumatatu.

Je, wajua kuwa saa za utulivu wa usiku huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi? Jirani ana haki ya kuwaita polisi muziki ukizidi, na huwaita kweli, bila kukugongea kwanza. Kwetu, jirani aliyepita kimya harusini huonekana ana kinyongo. Kule, kinachosaidia ni kubandika karatasi mlangoni mwa jengo siku chache kabla: tuna sherehe Jumamosi, tutasikika kidogo, karibuni. Wengi hutabasamu wakiisoma, na wengine huja kweli.

Je, wajua kuwa takataka zina rangi? Pipa au mfuko wa manjano ni wa vifungashio vya plastiki na makopo, la bluu la karatasi, la kahawia la maganda na mabaki ya chakula, la kijivu au jeusi la yaliyobaki. Chupa na mitungi ya kioo hupelekwa kwenye makontena ya mtaani na kugawanywa tena: nyeupe, kahawia, kijani. Mji hadi mji rangi hubadilika kidogo, kwa hiyo soma kibandiko. Kule Swabia, kusini-magharibi, kuna pia zamu ya kusafisha ngazi na ujia wa jengo: wiki yako ikifika, kibao hutundikwa mlangoni pako, na majirani hawasahau nani aliiruka.

Je, wajua kuwa chupa tupu ni pesa? Tangu Januari 2003 chupa za plastiki na makopo ya vinywaji ya kutumika mara moja huwekewa rehani, ambayo ni senti 25 kila moja. Chupa ya bia ya kioo ni senti 8, na nyingine nyingi za kurudishwa ni senti 15. Unazirudisha kwenye mashine dukani, inakupa risiti, unalipia nayo mkate. Ukiona mtu ameweka chupa yake chini kando ya pipa badala ya kuitumbukiza ndani, amewaachia wanaoishi kwa kuokota, wasilazimike kuingiza mikono kwenye uchafu. Kati ya desturi zote za miji ya Ujerumani, hii ndiyo niipendayo zaidi.

Je, wajua kuwa treni za chini ya ardhi za Berlin hazina geti wala kizuizi? Unashuka ngazi, unaingia. Wakaguzi wa tiketi huvaa nguo za kawaida kama abiria wengine, wanajitambulisha milango ikishafungwa, na asiye na tiketi analipa euro 60. Kosa la kawaida la wageni ni kununua tiketi ya karatasi bila kuigonga muhuri kwenye mashine ndogo ya kituoni. Mbele ya mkaguzi, tiketi isiyo na muhuri ni sawa na kutokuwa nayo. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inayokubalika kwenye mabasi, tramu na treni za mikoa, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026. Treni za mwendo kasi hazimo.

Kuvuka taa nyekundu kwa miguu: faini ya euro 5, na kemeo kutoka kwa mama yeyote aliyeshika mkono wa mtoto. Kushika simu ukiendesha baiskeli: euro 55. Kuvua samaki ziwani kwa ndoano bila kibali: kosa, na kwa kawaida kibali hakitolewi mpaka ufanye mtihani, hata kama umezaliwa Mwanza na umevua tangu utoto. Kufuga mbwa: kuna kodi ya mbwa.

Je, wajua kuwa katika mwezi wa Desemba jua la Berlin huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri? Mtu anakwenda kazini gizani, anarudi gizani. Juni mambo hugeuka: jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku, na watoto hawataki kulala. Kwetu tulio karibu na Ikweta, ambako magharibi huingia saa ileile mwaka mzima, mwili hauna kumbukumbu ya jambo kama hilo. Uzito wa moyo unaowapata wageni mwezi Novemba ni kitu cha kweli, wala si uvivu au kukosa shukrani. Jua la majira ya baridi pia halina nguvu ya kutosha kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Muulize daktari mapema, Oktoba, usingoje mifupa iume.

Kwa wafungao Ramadhani, mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hivyo huzunguka misimu yote. Walioishi Ujerumani miaka ya 2015 na 2016 walifunga katika siku ndefu kuliko zote za mwaka. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba, na waliokuwa wakifuturu karibu saa nne usiku watafuturu alasiri.

Saa nazo hubadilishwa. Jumapili ya mwisho ya Machi zinasogezwa mbele saa moja, Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudishwa. Ndiyo sababu tofauti na Nairobi ni saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto. Mama akikupigia Aprili akakukuta umeshatoka, usimlaumu.

Je, wajua kuwa Mswahili aliyeandika kwa kirefu kuhusu maisha yake Ujerumani alifika huko mwaka 1867? Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliondoka Unguja, akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete na kufika Hamburg mwaka huohuo. Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya tramu. Mjane huyo mgeni akabaki na watoto watatu, akihama mji hadi mji na kufundisha Kiarabu ili watoto wale. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886, na alifariki Jena mwaka 1924. Binti wa mfalme au la, alihesabu senti kama mgeni mwingine yeyote.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, ambacho kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1887, naye ndiye mwandishi mkuu wa maandiko yaliyotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903 kuhusu desturi za Waswahili. Alioa Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata mke na mume walisafiri kurudi Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni haikuwakubali waishi huko pamoja, wakarejea Ujerumani. Mtoro hakupata tena kuiona pwani. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Na wa tatu asisahaulike. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kufika Berlin mwaka 1929, akidai ujira wa uaskari ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Wanazi walimkamata mwaka 1941 kwa kuhusiana na mwanamke mzungu, na alikufa katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Tangu 2007 kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya miguu mjini Berlin. Ukipita, simama usome.

Leo Kiswahili kinafundishwa Hamburg, Leipzig na Bayreuth, na huko Bayreuth wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikutana katika kongamano lao tangu 1987.

Tugeukie tumbo. Je, wajua kuwa sukuma wiki ina ndugu yake kule? Mboga iitwayo Grünkohl, maarufu Bremen na Oldenburg, ni ya jamii ileile ya mmea. Majani yake yamejikunja, na wenyeji husubiri baridi kali ipite ndipo waichume. Wao huichemsha muda mrefu pamoja na soseji za nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize kabla ya kuonja. Ila dukani inauzwa mbichi, na ukiikaanga na kitunguu na nyanya utasahau kwamba nje kuna theluji. Unga wa ugali unapatikana kwenye maduka ya Waafrika katika miji mikubwa. Unga wa mahindi wa Kiitalia wa duka la kawaida ni wa njano na una chenga. Maji ya bomba ni salama kunywa, lakini hotelini ukiagiza "maji" tu unaweza kuletewa yenye gesi, na utayalipia.

Je, wajua kuwa anayetoka nchi ya M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, anaweza kufika Ujerumani akakosa kulipia mkate kwa sababu hana sarafu? Maduka madogo na migahawa mingi imeshikilia pesa taslimu. Tembea na euro 20 mfukoni.

Je, wajua kuwa kwenye chumba cha kusubiria daktari kila anayeingia huwasalimia wote kwa pamoja, nao huitikia? Wageni wengi huambiwa Wajerumani hawasalimiani. Wanasalimiana, ila kwa mahali pake. Hodi ya ghafla ndiyo ngeni kwao: mtu humtembelea rafiki kwa miadi, na kufika dakika kumi na tano baadaye bila kupiga simu huchukuliwa kama dharau. Siku ya kuzaliwa kwako kazini, wewe ndiye unayepeleka keki. Wala usimpongeze mwenzako siku moja kabla, kwani wanaamini ni mkosi.

Sasa afya. Bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi ilianzishwa mwaka 1883 enzi za Kansela Bismarck, na leo hakuna anayeruhusiwa kuishi bila bima. Je, wajua kuwa mfanyakazi akiugua, mwajiri anaendelea kumlipa mshahara wote hadi wiki sita? Sharti ni awe ameshafanya kazi hapo wiki nne. Mjulishe mwajiri mapema siku ya kwanza. Cheti cha daktari kinahitajika ugonjwa ukizidi siku tatu, na mwajiri anaweza kukitaka mapema zaidi. Nawajua vijana wa kwetu wanaokwenda zamu wakiwa na homa kwa kuogopa kufukuzwa, katika nchi ambayo sheria imewaruhusu kulala. Likizo nayo: kima cha chini ni siku 20 kwa mwaka kwa wanaofanya kazi siku tano kwa wiki. Kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026.

Namba tatu za kuhifadhi kwenye simu: 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi, na 116117 unapohitaji daktari usiku au mwisho wa wiki lakini hali si ya kufa na kupona.

Je, wajua kuwa Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira Berlin, Septemba 13, 2024? Tangu hapo matangazo ya "kazi Ujerumani" yamejaa kwenye simu za vijana, na mawakala wa kila namna wamechipuka. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Mkataba ule haukumgawia mtu yeyote viza mkononi. Kila mtu bado anaombewa au anaomba kwa sifa zake. Muuguzi hutakiwa Kijerumani cha ngazi ya B2 na cheti chake kitambuliwe na mamlaka ya jimbo, na kabla ya hapo hulipwa kama msaidizi. Anayeanza mafunzo ya uuguzi hukohuko husoma miaka mitatu huku akilipwa. Katika hospitali za umma ni zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato, tangu mwaka wa kwanza. Serikali ya Ujerumani ina nembo ya ubora kwa kuajiri wauguzi kutoka nje, na msingi wake ni kwamba gharama za kuajiri zinabebwa na mwajiri. Familia inayouza shamba kumlipa wakala ili binti akawe muuguzi imedanganywa, na inahuzunisha kwamba bado zipo zinazouza.

Kwa mwanafunzi hesabu ni nyingine. Tangu Septemba 2024 ubalozi hutaka kuona euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, ambamo anaruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Anaweza kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, lakini Baden-Württemberg inawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Leseni ya udereva ya Dar au Kampala itamfaa miezi sita, kisha mtihani, wa nadharia na wa barabarani.

Mtoto wa darasa la kwanza siku ya kuanza shule hubebeshwa koni kubwa ya karatasi iliyojaa peremende na penseli, karibu ndefu kama yeye. Mzazi asiyeambiwa humpeleka mwanawe mikono mitupu, na mtoto analia kutwa. Muulizeni mwalimu wa chekechea mapema. Kumsomesha mtoto nyumbani hakuruhusiwi, hata kwa sababu za dini.

Je, wajua kuwa tangu Juni 27, 2024 mgeni anaweza kuomba uraia wa Ujerumani baada ya miaka mitano badala ya minane, bila kulazimishwa kuacha uraia wake wa kwanza? Hutakiwa kujitegemea, kujua Kijerumani cha B1 na kufaulu mtihani wa maswali 33, akipata angalau 17. Maswali yote 310 yanayoweza kutokea yako wazi kwa umma, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu akuuzie. Lakini upande wa pili wa sheria uko nyumbani. Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010, Uganda iliruhusu mwaka mmoja kabla yake. Katiba ya Congo ya 2006 inasema uraia wa Kikongomani ni mmoja na wa pekee. Tanzania, kwa sheria ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa Tanzania. Na mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa Ujerumani, ambaye mzazi wake mmoja ameishi huko kihalali miaka mitano na ana kibali cha kudumu, huzaliwa Mjerumani moja kwa moja; akitimiza miaka 18, Tanzania itamtaka achague.